Majina Ukutani: Hekalu Kuu la Thanjavur na Maandishi Yake

Katika siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, yaani mwaka 1010 miladia, mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alikabidhi chungu cha shaba kiwekwe juu ya kilele cha hekalu alilokuwa amelijenga katika mji wa Thanjavur, kusini mwa Bara Hindi. Chungu hicho kilikuwa na uzito wa palam 3,083, na bamba la dhahabu lililokifunika lilipimwa likawa na kalanju 2,926 na nusu. Habari hizi hazikuhifadhiwa na mshairi wa ikulu wala na msafiri aliyepita njia. Zimechongwa kwa Kitamil katika mawe ya hekalu lenyewe, na bado zinasomeka. Wafalme waliojenga majengo makubwa ni wengi. Walioacha nyuma yao hesabu yenye kufika hadi nusu ya kipimo cha dhahabu ni wachache mno.

Hekalu hilo leo hujulikana kwa jina la Kisanskriti la Brihadisvara, lenye maana ya Bwana Mkubwa, lakini jina hilo ni la baadaye. Mjenzi wake aliliita Rajarajeshvaram, akiunganisha jina lake mwenyewe na la mungu Shiva ambaye hekalu liliwekwa kwa ajili yake. Mnara wake una ngazi 13 zinazopungua kuelekea juu, na kimo chake kinapita mita 60. Umejengwa kwa mawe ya itale katika nchi isiyo na itale: Thanjavur iko kwenye tambarare ya udongo wa mto Kaveri, ambako mtu aweza kutembea siku nzima kati ya mashamba ya mpunga bila kukanyaga jiwe la haja. Kila jiwe lililetwa kutoka mbali, na kila jiwe lilipandishwa kwa nguvu za watu na wanyama. Maandishi yanamtaja fundi mkuu, Kunjaramallan, aliyepewa heshima ya kubeba jina la mfalme pamoja na lake.

Jengo kama hili halikosi hekaya. Wenyeji wa leo na vitabu vya watalii husimulia kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini wakati wa adhuhuri, na kwamba kofia yake ya mawe ni jiwe moja la tani 80 lililoburutwa juu ya tuta la udongo lenye urefu wa maili kadhaa. Kivuli huanguka uani kila siku, na yeyote aliyesimama pale jua likiwa limepinda amekiona. Na waliokagua kofia hiyo kwa karibu wameona kwamba imeunganishwa kwa vipande. Hekaya hizi hazina ubaya. Lakini zinamvuta mgeni atazame juu, ilhali jambo la ajabu zaidi katika hekalu la Thanjavur liko chini, kwenye kimo cha macho na magoti, pale mistari ya herufi inapozunguka kitako cha mnara kama pindo la kanga.

Mistari hiyo inaanza na amri. Mfalme, akiwa ameketi katika ukumbi wa jumba lake la kifalme, aliagiza vichongwe kwenye jiwe vitu alivyovitoa yeye, vilivyotolewa na dada yake mkubwa, vilivyotolewa na wake zake, na vilivyotolewa na watu wengine. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Dada, Kundavai, anatangulia wake wote, na zawadi zake zimechongwa kwenye mnara wenyewe pamoja na za mfalme. Za malkia na za maofisa zikapelekwa kwenye vijumba na nguzo za ua. Mahali pa jina ukutani palikuwa cheo.

Kisha zinafuata orodha. Sanamu za shaba nyeusi, 66 kwa jumla, kila moja ikielezwa kimo chake, idadi ya mikono yake, na kitako ilichosimamia. Vito, vikihesabiwa moja moja pamoja na kasoro zao. Vyombo vya dhahabu vilivyotoka katika hazina alizoziteka mfalme alipowashinda Wachera na Wapandya, na maua ya dhahabu yaliyopatikana baada ya kumshinda Satyashraya, mfalme wa Wachalukya wa magharibi. Hakuna anayeficha asili ya mali hiyo. Maandishi yanasema wazi kwamba ni ngawira, kwa sauti ileile ya karani inayosema kwamba lulu fulani ni ya mviringo na nyingine si kamili. Vijiji vilivyowekewa hekalu ushuru wake viko katika nchi ya Chola, katika nchi zilizotekwa upande wa Karnataka ya leo, na hata katika kisiwa cha Lanka, ambacho majeshi ya Rajaraja yalikuwa yameivamia sehemu yake ya kaskazini. Mkulima wa Lanka aliyepima mpunga wake baada ya mavuno alikuwa akilisha taa za hekalu lililo ng'ambo ya bahari, na huenda hakupata kuliona maisha yake yote.

Msomaji aliyezoea neno wakfu kama linavyotumika Zanzibar au Mombasa hatapata taabu kuelewa utaratibu uliofuata, ingawa hapa ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwa serikali ndani ya serikali. Chukua taa moja. Ili taa iwake usiku na mchana bila kuzimika, ilihitaji kipimo kimoja cha samli kiitwacho ulakku kila siku. Ili samli hiyo ipatikane, mfadhili alitoa kondoo majike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa maziwa 16. Mifugo hiyo haikuwekwa hekaluni. Iligawiwa kwa wachungaji waliotajwa kwa majina, nao wakawajibika kuleta samli, wao na jamaa zao, maadamu jua na mwezi vipo. Fedha nazo zilikopeshwa. Mabaraza ya vijiji yalipokea kasu za dhahabu kutoka hazina ya hekalu na kulipa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka, kwa fedha au kwa mpunga, na riba hiyo ikanunua vitu vidogo vidogo vya ibada: iliki, machipukizi ya maua ya champaka na mizizi ya vetiva ya kutia harufu maji ya kuogeshea sanamu, kafuri ya kufukiza. Vijiji vingine vilipangiwa kupeleka walinzi, vingine makarani wa hesabu, vingine watunza hazina.

Mwaka 1969 mwanahistoria George W. Spencer aliusoma mtandao huu kwa jicho la siasa. Kwa maoni yake, mfalme wa Chola hakuwa na urasimu wa kuifikia kila tambarare ya ufalme wake, hivyo hekalu lilimfanyia kazi hiyo: kila kijiji kilichokopa, kila mchungaji aliyepewa kondoo, kila baraza lililotuma mlinzi, kilifungwa kwa kamba nyembamba kwenye mji mkuu. Hoja hiyo ina nguvu, na imedumu. Upungufu wake ni kwamba inamfanya mfalme kuwa mtu pekee mwenye nia. Mchungaji aliyekubali kondoo 96 naye alikuwa na hesabu zake. Alipata kundi ambalo hakulinunua, na jina lake likachongwa kwenye jiwe, jambo ambalo watoto wa wakulima wengi wa karne ya 11, popote duniani, hawakulipata kamwe.

Kati ya orodha zote, hakuna inayomshika msomaji kama ile iliyo kwenye ukuta wa ua, inayohusu wanawake 400. Kufikia mwaka wa 29 wa utawala wake, yaani 1014, Rajaraja alikuwa amewahamisha wanawake hao kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi ya Chola na kuwapa makazi katika mitaa iliyojengwa kuzunguka hekalu lake. Kila mmoja alipewa nyumba na fungu la mpunga, kalam 100 kwa mwaka. Orodha inakwenda mtaa kwa mtaa, safu kwa safu, nyumba kwa nyumba: katika nyumba ya kwanza, fulani, aliyetoka hekalu la mji fulani, katika nyumba ya pili, fulani. Karibu wote majina yao yanaanza na Nakkan. Ukisoma mfululizo unapata kitu kinachokaribia kuwa ramani ya mji, yenye wakazi ndani yake.

Waliofuatwa na orodha hiyo ni walimu wa ngoma, waimbaji, wapiga ngoma na wapiga filimbi, masonara, washonaji, vinyozi, madobi, wabeba miavuli, wawasha taa. Walikuwapo pia wasomaji 48 wa tenzi takatifu za Kitamil pamoja na wapiga ngoma wawili wa kuwasindikiza. Yeyote akifa au akihama, nafasi yake ilichukuliwa na jamaa wa karibu mwenye ujuzi. Jamaa akikosa ujuzi, alimchagua mwingine wa kufanya kazi, na fungu likaendelea.

Je, wanawake hawa walikuwa nani? Waandishi wa zama za ukoloni waliwaona kama makahaba wa hekaluni. Wazalendo waliokuja baadaye wakawaona kama mapadri wa kike wa sanaa. Leslie Orr, katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu wanawake wa mahekalu wa enzi za Chola, ameonyesha kwamba maandishi ya Kitamil kwa ujumla hayaungi mkono picha yoyote kati ya hizo mbili. Wengi wanaonekana kama wafadhili, watu wenye mali waliotoa ng'ombe au dhahabu na kupata kwa hilo heshima na nafasi katika ibada. Thanjavur ni tofauti: hapa mfalme aliamuru, na wanawake wakahamishwa. Maandishi hayasemi kama walitaka. Yanasema walikotoka, na kwa kuwa yanasema hivyo, msomaji anaweza kuhesabu ni mahekalu mangapi madogo yaliyobaki bila waimbaji ili hekalu moja kubwa lijae.

Palikuwa na watu wengine ambao ukuta unawataja bila kuwapa majina. Kila kijiji kilipowekewa hekalu ushuru, makarani waliorodhesha sehemu zisizolipa: eneo la nyumba, madimbwi, mifereji inayopita, mahali pa kuchomea maiti, na makazi ya Waparaiya, watu wa tabaka lililotengwa. Makazi yao yamo kwenye jiwe kwa sababu hayakutozwa ushuru, kama dimbwi lisivyotozwa. Mpunga uliolipia hekalu ulipandwa na kuvunwa kwa mikono ya watu wa aina yao. Mlango wa hekalu ulifungwa kwao kwa karne nyingi.

Utukufu wa Rajarajeshvaram haukudumu sana. Rajendra, mwana wa Rajaraja, alihamisha mji mkuu hadi Gangaikondacholapuram na kujenga huko hekalu lake mwenyewe, linalofanana na la baba lakini lenye mistari laini zaidi. Hata hivyo aliendelea kuandika kwenye kuta za Thanjavur, na humo ndimo ilimohifadhiwa orodha ya bandari alizosema amezishambulia katika safari ya kijeshi ya mwaka 1025 dhidi ya Srivijaya, hadi Kadaram kwenye rasi ya Malaya. Katika ushoroba wa juu ndani ya mnara, wachongaji walikuwa wameanza kuonyesha mikao 108 ya dansi ya Shiva. Walimaliza 81. Mawe 27 yaliyobaki yako pale hadi leo, yamesawazishwa, yakisubiri patasi.

Mwanzoni mwa karne ya 13 Wapandya waliuteka mji wa Thanjavur, na kabla karne hiyo haijakwisha ukoo wa Chola ulikuwa umetoweka katika historia. Kila mtawala aliyefuata aliongeza chake. Wapandya walijenga hekalu la mungu mke. Wanayaka walijenga hekalu zuri la Subrahmanya, wakaweka uani fahali mkubwa wa jiwe, na kupaka michoro mipya juu ya ile ya zamani. Wamaratha walifika katika miaka ya 1670 kutoka upande mwingine kabisa wa Bara Hindi, na mmoja wao, Serfoji wa Pili, mtu msomi aliyekusanya maktaba ambayo bado ipo, aliamuru mwaka 1803 historia ya ukoo wake wa Bhonsle ichongwe kwa Kimarathi katika ukuta wa ua. Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa wamekwishamnyang'anya ufalme wote isipokuwa mji na ngome. Mtu aliyebakiwa na maneno aliyapeleka mahali ambapo maneno hukaa.

Lakini wakati Serfoji anaandika, herufi za Kichola zilizokuwa hatua chache tu kutoka kwenye zake hazikuwa na msomaji. Mtindo wa herufi ulikuwa umebadilika, na sifa ya jengo ikapewa watu wengine. Simulizi takatifu za mahali hapo zilidai kwamba hekalu lilijengwa na mfalme Karikala, aliyekuwa na ukoma na akapona kwa rehema ya Shiva. Jina la Rajaraja lilikuwa limechongwa kuzunguka kitako chote cha mnara, na watu waliopita mbele yake kila siku hawakulijua.

Aliyelirudisha ni Eugen Hultzsch, Mjerumani aliyeajiriwa na serikali ya Madras mwaka 1886 kusoma maandishi ya kale. Alisaidiwa na V. Venkayya, msomi wa Kitamil ambaye baadaye alimrithi katika kazi hiyo, na kuanzia 1891 maandishi ya Thanjavur yakaanza kutoka katika vitabu vya serikali, mstari kwa mstari, pamoja na tafsiri. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1931, S. K. Govindaswami wa Chuo Kikuu cha Annamalai aliingia katika njia ya giza inayozunguka chumba cha ndani na kuona kwamba chini ya michoro ya Wanayaka, pale lipu ilipobanduka, kulikuwa na michoro mingine. Ilikuwa ya enzi ya Rajaraja: wacheza ngoma angani, watakatifu, mungu akipigana juu ya gari la vita. Karne hiyohiyo iliyompoteza mfalme ilikuwa imeihifadhi rangi yake kwa kuifunika.

Ufunuo huo ulikuja katika miaka ambayo hekalu lilikuwa likigombewa kwa namna nyingine. Mwaka 1939 serikali ya Madras ilipitisha sheria ya kuwalinda wadhamini waliotaka kuwafungulia milango watu wa tabaka zilizotengwa. Hekalu la Meenakshi huko Madurai lilitangulia mwezi Julai, na mahekalu ya Thanjavur, yaliyokuwa chini ya udhamini wa kurithi wa ukoo wa Bhonsle, yakafuata mwaka huohuo. Wazao wa wale waliotajwa ukutani kama eneo lisilotozwa ushuru wakaingia kwa mlango wa mbele.

Wazao wa kazi ya wale wanawake 400 walikuwa wakitoka. Dakta Muthulakshmi Reddi alikuwa amepigania tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 sheria ya kukomesha kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu, akiamini kwamba desturi hiyo ilikuwa mlango wa kuwadhalilisha. Miongoni mwa waliompinga ni mwimbaji Bangalore Nagarathnamma, mwenyewe binti wa jamii ya devadasi, ambaye kwa mali yake alijenga kumbukumbu ya mtunzi Tyagaraja huko Thiruvaiyaru, mwendo mfupi kutoka Thanjavur. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: kwamba sheria ilikuwa ikiwaondolea wanawake ardhi, sanaa na haki ya urithi ambavyo wanawake wengine wa Kihindu hawakuwa navyo. Sheria ilipita mwaka 1947. Reddi alikuwa sahihi kuhusu wasichana, na Nagarathnamma alikuwa sahihi kuhusu ardhi. Kilichotokea ni kwamba sanaa ilihamia kwenye majukwaa ya Madras na kwa watoto wa tabaka za juu, na familia zilizoibeba zikabaki na aibu. Mwaka 2010, hekalu lilipotimiza miaka 1,000, wachezaji 1,000 wa dansi ya bharatanatyam walicheza uani kwa pamoja. Wengi walitoka katika shule za dansi.

Tangu uhuru, mzozo umekuwa juu ya nani mwenye hekalu. Idara ya mambo ya kale ya serikali kuu hutunza mawe. Idara ya dini ya jimbo la Tamil Nadu husimamia ibada. Mdhamini wa kurithi bado ni mtu wa ukoo wa Wamaratha. M. Karunanidhi, akiwa mkuu wa serikali ya jimbo, alitaka sanamu ya Rajaraja iwekwe ndani ya ua. Serikali kuu ilikataa, na mfalme aliyejenga jengo anasimama nje ya lango lake hadi leo, kando ya barabara yenye mabasi. Shirika la UNESCO lililiorodhesha hekalu mwaka 1987. Juni 1997, katika maandalizi ya sherehe ya kulitakasa upya, banda la makuti lilishika moto na watu zaidi ya 40 wakafa uani.

Sherehe iliyofuata ya namna hiyo haikufanyika ila baada ya miaka 23. Kabla ya tarehe 5 Februari 2020, wanaharakati wa Kitamil walikwenda mahakamani wakidai kwamba hekalu lililojengwa na mfalme wa Kitamil lisitakaswe kwa Kisanskriti. Mahakama Kuu ya Madras, katika kikao chake cha Madurai, iliruhusu lugha zote mbili zitumike. Pande zote zilimtaja Rajaraja. Ushahidi wake hata hivyo haumpi ushindi yeyote peke yake: mfalme huyo alijenga kwa kanuni za ibada za Kisanskriti, akawalipa watu 48 wasome tenzi za Kitamil, na akaziandika hesabu zake zote katika lugha ambayo wachungaji na mabaraza ya vijiji wangeweza kusomewa.

Mitaa ya wale wanawake haipo tena. Sanamu 66 za shaba zimebaki chache. Mbili, zinazosemwa kuwa za Rajaraja na malkia wake Lokamahadevi, zilirudi mwaka 2018 kutoka jumba la makumbusho la Ahmedabad, na umati ukajitokeza kuzipokea kwa maua na ngoma. Siku za sikukuu, mahujaji hupanga foleni ndefu kando ya ukuta wa ua, na katika joto la alasiri wengi wao huegemea mawe yenye kivuli, migongo yao ikigusa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, za mtaa wa kusini.